Mohamed Amin: kijana wa Dar aliyeionyesha dunia njaa, na vijana wetu wa Kidugala

Leo naomba tuache kidogo habari za barabara na bei ya viazi, tumzungumzie marehemu Mohamed Amin, yule mpiga picha ambaye wenzake walimwita Mo tu. Nimekuwa nikiwasimulia habari zake vijana wa kikundi chetu kidogo cha kule Kidugala, wanaojifunza kutengeneza dokumentari kwa simu zao za mkononi, na karibu wote hawakuwa wamewahi kulisikia jina hilo. Hata wakubwa wengi ukiwatajia wanasema aah, yule Mkenya. Sawa, alizaliwa Kenya na alikufa safarini akirudi Kenya. Lakini kazi aliianzia Dar es Salaam, kampuni yake aliifungulia Dar es Salaam, na waliomfukuza ni sisi. Kwa hiyo na sisi tuna hisa katika habari hii.

Mo alizaliwa Eastleigh, Nairobi, tarehe 29 Agosti 1943. Wazazi wake walikuwa Waislamu wenye asili ya Punjab. Baba alikuwa mtu wa reli, na kazi ya reli mnaijua, leo uko hapa kesho unapelekwa kule. Familia ikahamia Dar es Salaam Mo akiwa bado mtoto. Watu wa Makambako hatuhitaji kufafanuliwa jambo hili. Mji wetu wenyewe umekuzwa na TAZARA na barabara kuu ya Zambia, na majirani zangu wengi ni watoto wa watu walioletwa na kazi wakasahau kurudi kwao.

Huko Dar ndipo alipopata kamera yake ya kwanza, Box Brownie ya mtumba. Kwa wasioijua, hiyo ni kiboksi tu, tundu mbele, kitufe pembeni, karibu hakuna cha kurekebisha. Ndiyo kitochi cha kamera za enzi hizo! Shuleni kulikuwa na klabu ya picha na chumba cha giza cha kusafishia, na dogo akang'ang'ania humo mpaka akakijua kila kitu kilichokuwamo. Hakusoma chuo chochote cha picha. Alijifunza kwa kuharibu karatasi, kwa kuangalia wakubwa wanavyofanya, na kwa kupeleka picha magazetini akiwa bado mwanafunzi. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita katika nchi zetu zote tatu, ndiyo yalikuwa moja ya masoko yake ya kwanza. Yaani mtoto wa shule anasimama kwenye vumbi kusubiri gari lipite, anakimbia kusafisha, anauza. Nawaambia vijana wangu waangalie hapo zaidi kuliko kwenye tuzo alizozipata baadaye, maana tuzo hazina cha kumfundisha mtu.

Naomba nichepuke kidogo. Kuna watu wanaamini sinema ilikuja nchini kwetu na bongo muvi. Wapi! Mwaka 1935 hadi 1937 kule Vugiri, milima ya Usambara, kulikuwa na mradi wa Waingereza wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika, wakatoa filamu 35 na kuzizungusha kwa lori kijiji hadi kijiji. Waigizaji walikuwa watu wetu, na baadhi ya mafundi pia walikuwa watu wetu waliofundishwa pale pale. Lakini la kusema lilikuwa la mzungu. Na miaka ya 1950 mwanzoni, Rashidi Kawawa, mtoto wa kusini huku huku kwetu, aliigiza kwenye filamu ya Muhogo Mchungu kabla siasa haijamchukua. Waziri Mkuu mzima aliwahi kuwa mcheza sinema, wadau. Ninachotaka kusema ni kwamba mbele ya kamera tumekuwapo siku nyingi. Nyuma ya kamera ndiko tulikochelewa, na Mo ni mmoja wa waliovunja mlango huo kwa bega.

Mwaka 1963 alifungua kampuni yake, Camerapix, Dar es Salaam. Alikuwa na miaka 20. Leo kijana wa miaka 20 tunamwambia asubiri kwanza akue. Lakini Dar ya miaka ile haikuwa mji wa kusubiri. Kamati ya Ukombozi ya OAU iliwekwa pale mwaka huo huo, wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walipishana mitaani, mabalozi wa Mashariki na Magharibi wakichunguzana kwenye mahoteli. Waandishi wa Ulaya walikuja, wakakaa wiki, wakaondoka. Mo alikuwa pale siku zote. Anajua dereva gani ana gari linalowaka alfajiri, karani gani uwanja wa ndege atapokea mkanda dakika ya mwisho, afisa gani anaamka saa ngapi. Mashirika ya nje yakagundua kumbe kumtuma mtu kutoka London ni gharama na ni kuchelewa, na kuna kijana wa hapa hapa anayefanya kazi hiyo hiyo vizuri zaidi.

Januari 1964 Mapinduzi ya Zanzibar yalipotokea, Mo alivuka akapiga picha. Akaendelea kwenda na kurudi visiwani, na hapo ndipo alipoungua. Alipiga filamu ya mafunzo ya kijeshi yaliyokuwa yakiendeshwa na wakufunzi wa kutoka nchi za Mashariki, ikaonyeshwa nje. Mwaka 1966 alikamatwa Zanzibar, akatiwa gereza la Kiinua Miguu, akakaa humo karibu mwezi mzima na akateswa. Alipotoka alifukuzwa nchini. Camerapix ikahamia Nairobi.

Nikifika hapa kwenye kikundi huwa kimya kinatanda. Mzazi mmoja aliyekuwa amekuja kumsindikiza binti yake aliinuka kabisa, akaniuliza kama ndiyo kazi ninayomtafutia mtoto wake. Swali halali. Nilimjibu kwamba sisi tunaanza na mgema wa ulanzi, si kambi ya jeshi. Watu walicheka, ila mzazi hakucheka, na sidhani kama alipaswa kucheka. Mtu anayefundisha watoto wa watu kushika kamera halafu hawaambii kuhusu Kiinua Miguu anawadanganya. Binti anaendelea kuja, kwa taarifa yenu, na sasa yule mzazi ndiye anayetuazima banda lake mvua ikinyesha.

Tuendelee. Nairobi, Julai 5, 1969, Jumamosi. Tom Mboya anapigwa risasi akitoka duka la dawa kwenye barabara iliyoitwa Government Road. Mo alifika upesi kuliko wote, akapiga picha eneo lile, akapanda hadi ndani ya gari la wagonjwa na kamera yake ikiendelea kuzunguka. Mboya alikuwa mtu aliyemfahamu. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya mpiga picha bora wa televisheni wa mwaka huko Uingereza. Kuna kijana aliniuliza iweje mtu anakufa mbele yako nawe unapiga picha. Mwingine akamjibu kabla sijafungua mdomo, kwamba kama asingepiga leo kungekuwa na maneno matupu na kila mtu angesimulia lake. Wakabishana nusu saa. Mimi niliwaacha, maana ubishi ule ndio darasa lenyewe.

Miaka ya 1970 naipitia haraka, si kwa kuwa haikuwa na mambo. Alipiga Hija kule Makka, akatoa na kitabu chake mwaka 1978. Alimfuatilia Idi Amin tangu akiwa Ikulu ya Kampala mpaka uhamishoni, na mwaka 1980 yeye na Brian Barron wa BBC ndio waliompata Jeddah, Saudia, dunia nzima ikijiuliza yule bwana kaenda wapi. Alizunguka Ziwa Turkana, akatoa kitabu. Mwaka 1984 Camerapix ikatoa kitabu cha picha cha safari ya kuizunguka Tanzania, jina la Mo likiwa juu, la mtu yule yule tuliyemtimua miaka 18 nyuma. Hakuwa mtu wa kununa.

Sasa tufike Oktoba 1984.

Ethiopia ilikuwa na ukame, na vita vya ndani kaskazini, na serikali ya Mengistu ambayo haikutaka njaa ionekane kwa sababu ilikuwa imetoka tu kusherehekea miaka kumi ya mapinduzi yao. Watu walikuwa wanakufa kwa maelfu na karibu hakuna aliyeruhusiwa kufika. Mo alikuwa na vibali, na alikuwa na vibali kwa sababu alikuwa na watu Addis Ababa, watu aliokunywa nao kahawa miaka mingi kabla hajawahitaji. Yeye na Michael Buerk wa BBC walipelekwa kaskazini kwa ndege ya shirika la misaada, wakafika Makelle na Korem. Korem alfajiri, baridi kali (mtu wa Njombe anaelewa baridi ya nyanda za juu ni kitu gani kwa mtu asiye na blanketi wala kitu tumboni), watu elfu kwa elfu wamelala nje, na kila asubuhi wanapangwa waliokufa usiku.

Ripoti ilionyeshwa BBC Oktoba 23, 1984, nyingine ikafuata kesho yake. Ile ya kwanza ilikuwa na urefu wa dakika kama saba. Saba tu! Vituo 425 vya televisheni duniani vikairusha na watazamaji wakakadiriwa kufika milioni 470. Bob Geldof akaona, akakusanya wanamuziki, Band Aid ikazaliwa, Wamarekani nao wakatoa wimbo wao mwanzoni mwa 1985, na Julai 13, 1985 likafanyika tamasha la Live Aid, London na Philadelphia kwa siku moja. Chakula kikaenda, ndege zikaenda, watu wakapona. Huwezi kulibeza jambo hilo.

Lakini angalieni sisi tulikuwa wapi. Mwaka 1984 Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970 mwanzoni, huku Bara tulisubiri mpaka 1994. Kwa hiyo watu milioni 470 walizitazama picha za Waafrika zilizopigwa na Mwafrika, aliyejifunzia kazi Dar es Salaam, na hapa Makambako hakuna hata mmoja aliyeziona. Tulikuwa na Redio Tanzania, na tulikuwa na foleni zetu wenyewe za sukari na sabuni, na msiba wa Sokoine wa Aprili mwaka ule haukuwa umepoa. Wengi wetu picha za Korem tumeziona ukubwani, kwenye intaneti, zikiwa tayari ni historia.

Na kuna jambo la pili ambalo ndilo linatukeresha zaidi kikundini, na nalisema nikiwa shabiki wa Mo. Wale watu wa Korem tunawajua nyuso. Majina hatuyajui. Hawasemi. Anasema Buerk, kwa Kiingereza kizuri sana, na wao wanaangalia kamera. Wimbo ule wa Krismasi ukauliza kama wanajua kuwa ni sikukuu, wakati Ethiopia ina Ukristo tangu karne ya 4. Vita na serikali vilivyosababisha njaa ile vikapotea, ikabaki njaa kama kitu kinachonyesha tu kutoka mbinguni juu ya Waafrika. Mtoto mmoja wa wakati ule, Birhan Woldu, ambaye picha zake zilipigwa na timu nyingine, ya Kanada, alikuja kujulikana jina na mwaka 2005 akasimama jukwaani London kwenye tamasha la Live 8. Mmoja, katika wote wale.

Kosa hilo simtwishi Mo. Yeye alipiga alichokiona, na angepeleka mikanda ya saa kumi bado wahariri wangetoa dakika saba. Ila swali linabaki, na kwetu Njombe halina umbali wowote. Mkoa wetu umepigwa picha kwa mambo gani? Kwa UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa 2016/2017 ulituweka juu kuliko mikoa yote, asilimia 11.4 ya watu wazima, na tangu zamani magari yamekuwa yakija na kamera, yanawapanga yatima mbele ya nyumba ya bati, yanapiga, yanaondoka. Mwaka 2019 mwanzoni yakatokea yale mauaji ya watoto, kamera zikaja tena. Vyote ni kweli, wala sisemi vifichwe. Lakini yule bibi anayelea wajukuu sita huko Wanging'ombe na analima parachichi na anaimba kwaya, kwenye picha zile anakuwa bibi wa yatima tu, hana hata jina. Kuna kijana wetu mmoja aliyekua akiwa miongoni mwa watoto waliopangwa hivyo. Picha yake anaikumbuka ilivyopigwa, ila hajawahi kuiona. Sasa ana simu mkononi, na filamu anayotaka kuitengeneza ni ya huyo huyo bibi yake, dakika kumi na mbili, bibi anasema mwenyewe, kwa Kibena. Tafsiri inawekwa chini kwa maandishi. Tumebishana naye kuhusu sauti na mwanga mpaka tukachoka, lakini kuhusu nani aseme hatukubishana hata dakika moja.

Wasichana wa kikundi nao walitaka kujua mbona hadithi zote ni za wanaume. Niliwapa habari za Safi Faye wa Senegal, mwalimu wa shule ya msingi ambaye alikutana na Mfaransa Jean Rouch, akaigiza kwenye filamu yake moja, kisha akaenda kusoma Paris, na mwaka 1975 akatoa Kaddu Beykat, filamu ya wakulima wa kijijini kwao mwenyewe, bei ya karanga na kodi na ukame. Amefariki Februari 2023. Huyo naye anastahili makala yake, nitaileta siku nyingine. Tangu siku ile wasichana wanamtaja Safi kuliko Mo, na sina ugomvi nao.

Turudi kwa mzee wetu kama mwalimu. Hapa maoni ni mengi. Mo hakuwa mwalimu wa kukushika mkono. Alikuwa mkali, anaamka usiku wa manane, ofisini yuko kabla ya jua, na anategemea wewe uwe hivyo. Nyumbani hakuonekana sana. Mwanawe Salim ametengeneza filamu mwaka 2006, Mo and Me, na humo hamfichi baba yake, anaonyesha mtu ambaye dunia ilimpata kuliko familia ilivyompata. Lakini Camerapix ilikuwa shule. Wapiga picha, mafundi sauti, waandishi walipita pale wakajifunza kwa kubebeshwa vifaa kwanza. Mbeba stendi leo, kesho anaachiwa sauti, keshokutwa kamera. Ndivyo ufundi wote unavyofundishwa kwetu, hata gereji za hapa Makambako, spana kwanza, injini baadaye.

Na shule ile ilikuwa na gharama. Juni 1991, siku chache baada ya Mengistu kukimbia na waasi kuingia Addis Ababa, ghala la silaha lililipuka. Mo alikuwa pale akipiga picha na fundi sauti wake, John Mathai, Mkenya. Mathai alikufa. Mo alikatwa mkono wa kushoto. Mpiga picha bila mkono, watu wakasema basi. Akaenda Marekani akawekewa mkono wa bandia wa umeme, akajifunza upya kushika kamera, na baada ya miezi akawa amerudi kazini. Habari ya mkono wa chuma imeandikwa kila mahali, John Mathai anapewa mstari mmoja. Miaka miwili baadaye, Julai 12, 1993, Mogadishu, baada ya helikopta za Marekani kushambulia nyumba, umati wenye hasira uliwaua waandishi wanne. Wawili walikuwa Wakenya wa Reuters, Hos Maina mpiga picha na Anthony Macharia fundi sauti. Filamu imetengenezwa juu ya mwenzao Dan Eldon, na alistahili. Maina na Macharia mimi nawaandika hapa kwa sababu fundi sauti wetu wa Kidugala, dogo mwenye masikio kama popo, aliniuliza kama kuna fundi sauti yeyote maarufu. Hao hapo.

Mwisho wa Mo mnaujua wengine, maana mkanda wake upo. Jumamosi, Novemba 23, 1996, alipanda ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia, safari namba 961, kutoka Addis Ababa kurudi Nairobi. Alikuwa na mwandishi mwenzake wa miaka mingi, Brian Tetley. Ndege hiyo ilikuwa ya shirika ambalo jarida lake la abiria, Selamta, lilichapishwa na Camerapix yenyewe, yaani alikuwa kama yuko ofisini. Watu watatu wakaiteka wakitaka ipelekwe Australia. Rubani, Kapteni Leul Abate, aliwaambia mafuta hayafiki, hawakuamini. Ndege ikaambaa na pwani ya Afrika Mashariki kisha ikageukia visiwa vya Komoro, mafuta yakaisha, ikaanguka baharini karibu na ufukwe wa hoteli ya Galawa, Ngazidja. Waliokuwamo walikuwa 175, wakafa 125. Walionusurika walisimulia kwamba dakika za mwisho Mo alikuwa amesimama, akibishana na watekaji na kuwahimiza abiria wenzake. Mtalii aliyekuwa ufukweni na kamera ndogo ya video alirekodi ndege ikigusa maji. Mtu aliyetumia maisha yake kukimbilia tukio, tukio lake mwenyewe likapigwa na mtalii aliyekuwa anapunga upepo. Alikuwa na miaka 53.

Mwaka 1998 Salim alianzisha taasisi yenye jina la baba yake Nairobi, ikafundisha vijana wa Afrika Mashariki kamera, sauti, uhariri na uandishi wa habari za televisheni. Maktaba ya Camerapix ina mamilioni ya picha na maelfu ya saa za video, na tangu 2021 sehemu yake, maelfu ya picha, imewekwa kwenye intaneti bure, mtu yeyote anafungua. Uganda nako Mira Nair alianzisha Maisha mwaka 2004, akiwafundisha bila ada vijana wa nchi zetu, na Nairobi Judy Kibinge akaanzisha Docubox kwa ajili ya dokumentari hasa. Milango ipo kuliko zamani. Tatizo ni kwamba mingi inafunguka Nairobi, Kampala au Dar, na nauli ya kutoka Kidugala hadi Makambako peke yake ni mtihani kwa kijana asiye na kazi.

Ndiyo maana tukaamua kuanza na tulichonacho. Simu tano, mbili zikiwa na kioo kilichopasuka. Maikrofoni moja ya kubana kifuani. Kompyuta mpakato moja ya kuhariria, ambayo ikichoka inazima na sisi tunapumzika. Kidugala imezoea masomo, tangu misheni ya Wajerumani hadi seminari ya Kilutheri ya leo, kwa hiyo watu hawashangai kuona vijana wamekaa chini ya mti wanafundishana. Wanachoshangaa ni kuombwa ruhusa. Kanuni yetu ni kwamba mtu hapigwi picha mpaka ameambiwa filamu inahusu nini, na ikiisha yeye ndiye wa kwanza kuiona, na akisema kipande hiki ondoa, tunaondoa. Kuna mdau mmoja mwenye uzoefu wa televisheni alituambia kwa mtindo huo hatutafika popote, kwamba Mo asingeomba ruhusa Korem. Labda. Ila Mo hakuwa akiishi Korem. Sisi bibi tutakutana naye kesho yake kisimani.

Filamu ya bibi imekamilika nusu. Ya ulanzi imekwisha, tuliionyesha ukutani kwa projekta ya kuazima, na mgema mwenyewe akaomba irudiwe mara tatu. Inayofuata ni ya watu waliojenga TAZARA kipande cha Makambako, wakati wazee wale wangali hai. Hapo tuna shida ya picha za zamani. Mdau yeyote mwenye picha za mnato au mkanda wa reli ikijengwa miaka ile ya 1970, au wa stesheni ya Makambako ikiwa mpya, au hata picha ya baba yako na koleo begani, tuandikie hapo chini. Tutakuja kuipiga nakala hapo hapo kwako, ya kwako hutaiachia hata dakika, na jina la aliye kwenye picha tutaliandika.